Mombasa Hutazamwa Kutoka Majini

Muguka, majani ya kutafuna kama miraa, hunyauka upesi, kwa hivyo magari yanayoubeba kutoka Mbeere kwenda Pwani hayana subira. Dereva akishapakia mizigo ya wakulima wa Siakago na vijiji vinavyoizunguka, safari yake ni moja: afike Mombasa kabla majani hayajapoteza rangi. Biashara hiyo ndiyo iliyoufunga mji huu mdogo wa Mbeere Kaskazini, katika Kaunti ya Embu, na kisiwa kilicho mamia ya kilomita upande wa bahari. Mnamo Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga marufuku kuingizwa kwa muguka katika kaunti yake, kilio kilisikika Embu kabla ya kwingine kokote, na Mahakama Kuu ya Embu ndiyo iliyolisimamisha agizo hilo kwa muda. Kwa majuma kadhaa Mbeere na Mombasa zilitajwa kwa pumzi moja katika taarifa za habari.

Barabara hiyo hiyo hupitisha watu pia. Wanafunzi huenda ziara za shule, vikundi vya akina mama huenda kupumzika baada ya kugawana akiba ya mwaka, na walimu na maafisa huitwa semina. Wanarudi na picha: ngamia wa ufuoni, pembe za ndovu za Moi Avenue, miguu ndani ya maji ya chumvi. Bahari wameiona. Mji wenyewe wameuona kwa mgongo tu, maana Mombasa ilijengwa na watu waliofika kwa vyombo, na uso wake umeelekea majini. Anayeingia kwa basi kupitia Changamwe na Makupa ameingilia mlango wa jikoni.

Dawa ya hilo ni rahisi: kuutazama mji kutoka majini, na nusu ya safari hiyo haigharimu hata senti.

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa kusini na magharibi kuna Kilindini, maji ya kina kikubwa panapotia nanga meli za mizigo ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Upande wa kaskazini kuna Hori ya Tudor, yenye Bandari ya Kale, na ng'ambo yake ni Nyali. Kusini hakuna daraja la magari linalokiunganisha kisiwa na Likoni moja kwa moja. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo huzunguka mbali kupitia Mwache na Mteza, imewapa madereva wa Kwale njia nyingine, na serikali imepanga kwa msaada wa Japani kujenga daraja refu juu ya mlango wa bandari. Hadi lijengwe, mtu wa Likoni mwenye kazi mjini hupanda feri.

Kivuko cha Likoni kilianza kazi mwaka 1937. Kwa miaka mingi kiliendeshwa na kampuni ya mabasi, kikaja kuwa chini ya shirika la serikali, na siku hizi kinasimamiwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Wasimamizi wake wamekuwa wakitaja zaidi ya watu 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Wanaotembea kwa miguu hawalipi. Mwenye gari, pikipiki au mkokoteni ndiye anayetozwa. Hata abiria wa basi la Ukunda au Lunga Lunga hushuka, wakavuka kwa miguu pamoja na umati, kisha wakalikuta basi lao upande wa pili.

Mgeni wa kutoka bara akisimama juu ya mteremko wa kuingilia feri kwa mara ya kwanza, jambo linalomshtua kabla ya bahari ni watu. Lango hufunguliwa na maelfu hushuka kwa pamoja: karani mwenye viatu mkononi, mama mwenye ndoo ya samaki, vijana wa mikokoteni wakipiga mluzi wapishwe. Feri zenyewe, kama MV Kwale na MV Likoni zilizoletwa mwaka 2010 au MV Jambo iliyotoka Uturuki mwaka 2017, zina mlango mbele na nyuma. Magari huingia upande huu na kutokea ule bila kugeuza. Hakuna viti vya kifahari. Mtu husimama alipopata nafasi, na mara moja sakafu huanza kutetemeka chini ya nyayo.

Mgeni na ajisogeze pembeni, penye upepo. Ukitoka kisiwani, upande wa kulia utaona mdomo wa Kilindini, na kwa mbali kreni za bandari zimesimama juu ya makontena. Kushoto mlangobahari unafunguka kuelekea Bahari ya Hindi, na ufukwe wa Mama Ngina unaonekana na mibuyu yake mikubwa. Maji hapa si mapana, yapata nusu kilomita, na uvukaji wenyewe huchukua dakika chache. Lakini huu ndio mlango wa meli zote za Kilindini. Meli ya makontena ikiingia, feri husubiri. Ghorofa zima la chuma hupita mbele ya abiria polepole, likifuatwa na boti za kuvuta, na nahodha wa feri hang'oi mpaka lipite. Mwenyeji mwenye haraka ya kazi hulaani. Mgeni na ashukuru: hapo ameona kwa macho ngano, mafuta, magari kuukuu ya Japani na mbolea ya shambani kwake vinavyoingia nchini.

Hili la kutazama mji kutoka chombo cha wafanyakazi si jambo la Mombasa peke yake. New York kuna feri ya Staten Island, isiyotoza nauli tangu 1997; iliwekwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kazini, lakini watalii hujazana upande mmoja wapate kuona Sanamu ya Uhuru bila kulipia boti ya kitalii. Hong Kong ina Star Ferry, inayovusha watu bandarini tangu karne ya 19 kwa nauli ndogo, na wageni wengi wanaihesabu kuwa safari bora ya mji ule kuliko zile za bei kubwa. Mombasa inayo ya kwake, ila hakuna aliyewahi kuitangaza. Vipeperushi vya hoteli huitaja kama kero ya msongamano, na kwa kweli asubuhi na jioni ni kero. Mtalii ana faida moja ambayo mfanyakazi hana: anaweza kuchagua saa. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri umati hupungua, na mtu anaweza kuvuka, akanywa dafu Likoni, akarudi kwa utulivu.

Haifai kuandika habari za Likoni bila kutaja Mtongwe, kivuko jirani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka hapo, na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakiwahi kazini kisiwani. Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likazama na mama na mtoto wake, na ilichukua karibu wiki mbili kulitoa chini. Misiba hiyo ndiyo chanzo cha ukali wa askari wa kivukoni. Wakisema feri imejaa, imejaa. Wakisema mshuke garini, shukeni. Mwenye kutaka kupiga picha aulize kwanza, maana kivuko na bandari ni maeneo yanayolindwa.

Baada ya kurudi kisiwani, si lazima kupanda matatu mara moja. Ukifuata barabara ya ufukweni kuelekea mashariki utafika Mama Ngina, uwanja wa wazi uliokarabatiwa na kuzinduliwa Oktoba 2019, mwaka ambao sherehe za Mashujaa zilifanyika hapo. Jioni familia za Mombasa hukaa juu ya kuta za mawe wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai na mabuyu ya rangi, huku meli zikipita karibu sana. Kwa mtu aliyezoea kuona upeo ukikatwa na Kilima cha Kiang'ombe, kukaa mahali ambapo macho hayapati kizuizi mpaka mbingu inapogusa maji ni starehe ya kutosha peke yake.

Feri hukuonyesha Mombasa ya kazi. Mombasa ya historia iko upande wa pili wa kisiwa, na huko lazima ukodi mashua.

Ngome ya Yesu, ambayo wengi huita Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Shule zote hufanya ziara hapo, na wanafunzi hupita kwenye lango la upande wa nchi kavu, wakapanda kuta, wakasoma vibao, wakaondoka. Ni vizuri, lakini upande huo hauonyeshi shabaha ya aliyeijenga. Kutoka ndani ya mashua ndipo mantiki ya ngome hiyo inapokaa sawa: imepandwa juu ya mwamba wa matumbawe pale pale hori inapoanzia, hivi kwamba hakuna chombo kinachoweza kuingia Bandari ya Kale bila kupita chini ya mizinga yake. Ndiyo maana iliwaniwa sana. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwa ndani, na Wareno wakaipoteza.

Chini ya mashua hiyo hiyo, katika maji ya kijani mbele ya ngome, kuna mabaki ya msaada uliokuja ukashindwa. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo mwaka 1697 ikijaribu kuwaokoa waliozingirwa. Wapiga mbizi wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wataalamu kutoka ng'ambo waliichunguza kati ya 1977 na 1980. Vyombo vya udongo, mizinga na vifaa vya mabaharia waliovitoa viko ndani ya jumba la makumbusho la ngome. Mpango mzuri ni huu: mtu aone kwanza vile vitu ndani, kisha ashuke kwenye mashua na apite juu ya mahali vilipotoka.

Mashua ikiendelea kuingia horini, Mji wa Kale hupita mkono wa kushoto. Nyumba zake huonekana kutoka majini zikiwa zimebanana hadi ukingoni, roshani za mbao zikining'inia na minara ya misikiti ikichomoza katikati ya mapaa. Hapa ndipo majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipokuwa yakitia nanga. Yalikuja na upepo wa kaskazi, unaovuma tangu mwisho wa mwaka hadi karibu Machi, yakibeba tende, mazulia na vyombo; yakasubiri kusi, ndipo yakarudi na boriti za mikoko na nafaka. Siku hizi majahazi ni machache na mengi yana injini, ila Bandari ya Kale bado hupokea vyombo vya mbao vya masafa, hasa vya pwani ya Somalia. Siku ambayo moja lipo, wapagazi wakipakia magunia kwenye ubao mwembamba, ni siku ya bahati kwa mwenye kutazama.

Mbele zaidi kuna Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Lilichukua mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931, ambalo wazee wa Mombasa bado wanalikumbuka kwa kutikisika kwake. Kupita chini ya daraja kwa mashua huku matatu zikinguruma juu ni jambo la kitoto, na linafurahisha watu wazima vivyo hivyo. Upande wa Nyali ni Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele yake bado iko kando ya barabara. Kuna pia mkahawa wa Tamarind, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiwachukua wageni juu ya jahazi wale chakula cha jioni katikati ya hori huku taa za Mji wa Kale zikimetameta. Safari hiyo ni nzuri na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Wenye mashua ndogo upande wa Mji wa Kale hukubali kukodishwa kwa saa. Kundi la watu wanane au kumi wakichanga, kila mmoja hutoa kiasi kinachobebeka. Bei na ikubaliwe kabla mguu haujaingia chomboni.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Mbeere hana namna ya kulijua mpaka aambiwe. Mto Tana na mabwawa yake hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mitambo ya umeme. Bahari hupanda na kushuka kila siku, mara mbili, kwa kuvutwa na mwezi na jua, na saa za kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila kukicha. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti ya juu na chini huzidi mita 3. Hilo hugusa safari moja kwa moja. Maji yakipwa, mteremko wa feri huwa mkali na magari ya chini hukwaruza. Horini mizizi ya mikoko hubaki wazi na mashua hukwama kwenye tope. Maji yakijaa, mashua huingia hadi ndani ya mikoko ya Tudor. Nahodha yeyote anajua saa za maji za wiki nzima. Ni afadhali kumuuliza yeye kuliko kupanga safari kwa saa ya chakula cha hoteli.

Msimu nao una neno. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa Mei hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka, na wanaopanga kwenda kuona matumbawe kwa boti zenye kioo chini watasikitika. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, na ile ya Kisite karibu na Shimoni, wanakoonekana pomboo, ina umri mkubwa zaidi. Zote mbili zinapendeza kati ya Oktoba na Machi, maji yakiwa matulivu na meupe. Kilindini na Tudor zimekingwa na kisiwa, hivyo huvukika mwaka mzima. Anayeogopa kichefuchefu atafune tangawizi na aangalie mbali, asiangalie simu.

Anayeishi Siakago anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini kusafiri hivyo kuona maji, na maji yako nyumbani? Mpaka wa kusini wa Mbeere ni msururu wa mabwawa: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 120, ni ziwa kamili machoni, na kwenye hoteli iliyo ukingoni mwake wageni hupandishwa boti. Hilo ni zoezi zuri la kwanza kwa mtoto ambaye hajawahi kukanyaga chombo. Lakini bwawa halina mji. Na hayo maji yenyewe, pamoja na ya mito ya Thuci na Ena, hayakai. Hufuata Tana hadi yamwagike baharini karibu na Kipini, yakiwa yametangulia wenyeji wake wengi kuiona Pwani.

Miji mingine ya kutazamwa hivi ipo. Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, ina boti za Dunga zinazozungusha wageni kati ya viboko na wavuvi wa Ziwa Victoria jioni jua likizama. Lamu haiachi uchaguzi: mtu hufika Mokowe au uwanja wa ndege wa Manda, na kutoka hapo ni boti tu, mji wote ukimkabili kwa mstari mmoja wa nyumba nyeupe. Unguja hupokea feri za kasi kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na dakika kumi za mwisho, Mji Mkongwe ukikaribia, zina thamani ya nauli. Mombasa inazizidi zote kwa jambo moja ambalo mfuko wa Mbeere utalielewa: sehemu yake bora ni bure.

Kufika si kazi ngumu. Matatu hadi Embu, nyingine hadi Nairobi, kisha basi la usiku au treni ya Madaraka iliyoanza kubeba abiria Juni 2017. Nauli ya treni kwa daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na tiketi hukatwa mapema, hasa Desemba na wakati wa likizo za shule. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo hesabu ya nauli isiishie hapo.

Kwa mashua ndogo, kanuni hazina mjadala. Kila abiria avae jaketi okozi, iwe imefungwa kifuani na si kukaliwa kama mto. Idadi ya watu isizidi ile iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Ukaguzi na usajili wa boti ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini, yenye makao yake Mombasa, na nahodha halali haoni aibu kuonyesha karatasi zake. Anayesema jaketi zimebaki nyumbani, aachwe naye abaki nyumbani.

Walimu wa Mbeere wanaopanga ziara za muhula ujao wanajua ratiba ilivyo: Fort Jesus, Haller Park, ufuo, kisha basi. Waongeze saa mbili tu. Walipeleke darasa Likoni saa nne asubuhi, wavuke na kurudi huku mwalimu wa jiografia akieleza bandari, na wale wanaomudu wakodi mashua mbele ya ngome ili mwalimu wa historia amalizie. Ada ya feri kwa mwanafunzi anayetembea kwa miguu ni sufuri, na feri hufanya kazi usiku na mchana.